Nilijificha Nyuma ya Jina la Joan

Kama Jumamosi iliyopita gazeti hili lilikupita, shika haya machache. Mimi ni Nasike, mjane wa Nyongesa. Ninauza uji Silanga, kule Kibera chini karibu na bwawa. Mwaka ninaosimulia ni 1996.

Nyongesa alikuwa na miaka minne kaburini. Alikula ugali na omena niliyopika kwa mikono hii, akashikwa na tumbo, na kesho yake adhuhuri akafia hospitalini. Daktari alisema utumbo ulipasuka. Shemeji zangu waliuliza alikula nini. Hawakuongeza neno.

Tangu hapo wazo likanivaa. Nikikoroga uji, linasema: umetia dawa ya panya. Sijawahi kununua dawa ya panya maishani mwangu. Panya wa Silanga wananijua kwa jina. Lakini wazo halitaki ushahidi.

Basi nikawa ninaonja. Kwetu Bungoma, anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele yako ujue hakina kitu. Ni heshima ya zamani. Mimi nilionja kila kikombe, cha kila mteja, kila asubuhi. Nikishamaliza kuonja, wazo linasema hukuonja vizuri. Ninamwaga sufuria nzima, ninaanza upya.

Wateja walinisifu. Murunga, fundi wa masanduku ya bati, alikuwa akiwaambia wenzake: "Huyu ndiye mama. Wengine wanakusukumia tu kikombe kama ng'ombe."

Walicheka. Nami nilicheka nao.

Wasichojua ni kwamba mtoto wangu Timothy nilimpeleka kwa mama yangu Bungoma kwa sababu hiyo. Niliwaambia watu ni mambo ya shule. Haikuwa shule. Niliogopa kumpikia.

Nyumba yangu ikawa na kikombe kimoja, sahani moja. Mgeni akibisha, nilimpokea nje. Nilisema ndani kuna moshi.

Hapo ndipo tulipoachia. Sasa nisikilize jinsi nilivyoharibu.

*

Kawangware, ukishapita stendi ya matatu ya 56, kuna zahanati ndogo ya kanisa. Kila Jumatatu huja muuguzi wa magonjwa ya akili, Sista Waithira. Nilisikia habari zake kwenye foleni ya maji. Wanawake wawili walikuwa wakicheka: "Usiende Jumatatu, utapatana na wale wa vichwa."

Wao walicheka. Mimi niliweka siku kichwani.

Nilichagua Kawangware kwa sababu ni mbali. Nilitembea kwa miguu kutoka Silanga, nikapanda mpaka Kambi Muru, nikavuka barabara ya Ngong, nikiwa nimejifunika leso mpaka kwenye nyusi kama mtu anayekwenda matangani.

Kumbe pale majina huitwa kwa sauti. Karani anasimama mlangoni na kadi mkononi, anapaaza sauti uwanja mzima usikie. Wapangaji wa ploti zote za jirani wanasikia. Mama wa saluni anasikia.

Zamu yangu ikafika.

"Mama, jina?"

Nikavuta leso usoni.

"Mama, jina, kwani umelisahau? Ama hiyo ndiyo shida imekuleta?"

Watu wakacheka. Nikasema: "Joan. Joan Nafuna. Wa Silanga."

Msomaji, utaniuliza kwa nini sikubuni jina. Nitakueleza, hata kama ni aibu. Nilijiambia jina la kubuni ni uongo mtupu, na mimi ni mtu wa kanisa. Lakini Joan Nafuna ni jina la kweli. Limebatizwa. Nikaona dhambi imepungua nusu.

Joan ni jirani yangu, tumetenganishwa na bati moja. Anauza sukuma wiki anayolima mwenyewe kando ya bwawa. Kati ya watu wote wa Kibera, ndiye pekee aliyekuwa akiniuliza nimelalaje na kungoja jibu.

*

Sista Waithira alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Nilimweleza nikiangalia viatu vyake.

"Umewahi kumpa mtu sumu?" akauliza.

"Mungu apishe mbali."

"Na hilo wazo likikuja, unasikia aje?"

"Nasikia kufa."

"Sasa sikiza, Joan. Mtu anayetaka kuua hasikii kufa. Anasikia njaa ya kuua. Wewe unatetemeka kwa sababu hutaki. Huu ni ugonjwa. Uko na jina, uko na dawa, na hauko kwako peke yako. Leo umekuwa wa tatu."

"Si pepo?"

"Si pepo. Kichwa kinapiga kengele hakuna moto. Ukionja, kengele inanyamaza kidogo. Halafu inarudi na nguvu, kwa sababu imejua utaitii. Kila ukionja unailisha."

Akanipa vidonge vya kumeza kila jioni, akasema huchukua wiki kadhaa kabla havijafanya kitu. Akanipa na kazi.

"Utaonja uji mara moja tu, kwa sufuria, kama mpishi yeyote. Wazo likija, liache likae. Usimwage. Ukizoea hiyo, kuna siku hutaonja kabisa. Utawapa watu, utakaa na hofu yako mpaka ichoke yenyewe."

"Na isipochoka?"

"Itachoka. Hofu ni kama mgeni asiyepewa chai. Ataondoka."

Nilitoka pale kifua chepesi. Wepesi huo ulifika nami mpaka barabara ya Ngong, ukaishia hapo.

Nilipokuwa nangoja kuvuka, nikajiambia: Nasike, wewe sasa ni wa Jumatatu. Ukimeza hiki kidonge, umetia sahihi. Umekubali kwamba shemeji zako hawakukosea sana. Mama wa kanisa, anayeongoza maombi ya Jumatano, anameza dawa ya kichwa!

Nataka hili lieleweke. Hakuna mtu kanisani aliyenisema. Hakuna aliyejua. Pasta hakuwahi kuhubiri juu yake. Niliketi mwenyewe kitini pa hakimu, nikajisomea mashtaka, nikajifunga.

Vidonge nikavitupa chooni. Na uji nikaendelea kuonja kila kikombe.

Wiki mbili baadaye nikarudi.

"Unaendelea aje, Joan?"

"Vizuri kidogo."

"Unameza?"

"Nameza."

"Unaonja mara ngapi?"

"Mara moja."

Akaniangalia. Mikono yangu ilikuwa ikitetemeka mapajani, na mtu aliyepona kidogo hatetemeki vile.

"Dawa haiwezi kukaa mwilini hivi na isifanye chochote," akasema. "Basi tuongeze."

Akaniongezea. Nikarudi nyumbani na vingi zaidi vya kutupa.

Nilikwenda mara tano hivyo, Machi mpaka mwisho wa Aprili. Nilimdanganya mtu pekee aliyekuwa akinisaidia, kwa jina la mtu pekee aliyekuwa akinipenda. Na kila Jumatatu hiyo, Joan ndiye aliyenikalia kwenye uji. Nilimwambia naenda Kawangware kumwona mgonjwa.

"Mpe pole zangu huyo mgonjwa wako," alikuwa akiniambia.

*

Alhamisi ya kwanza ya Mei, Joan aliingia kwangu bila kubisha. Hakujali moshi. Alikaa kitandani akafunika uso kwa leso.

"Mama Timothy, nimekwisha."

"Nini?"

"Ile kazi."

Niliijua. Kulikuwa na mama wa Kawangware, Mama Thuo, mke wa mwenye ploti kubwa, aliyefungua shule ya chekechea. Alikuwa akinunua sukuma kwa Joan mwaka mzima. Alipoona usafi wake akamwambia: njoo unipikie watoto. Mshahara wa kila mwezi, na chumba kwenye ploti, chenye sakafu ya simiti. Joan alikuwa na kikohozi cha kifua kila mvua, kwa sababu nyumba yake huingia maji ya bwawa. Alikuwa amekisifia chumba kile kabla hajakiona.

"Si kila mpishi lazima apimwe apate cheti cha afya?" akasema. "Tukaenda na Mama Thuo kwa ile zahanati ya kanisa karibu na 56. Karani akaniuliza jina. Nikasema. Akaenda ndani, akarudi na faili. Mama Timothy, mimi sijawahi kukanyaga pale!"

Nikaushika mwiko uliokuwa karibu.

"Akasema, 'Joan Nafuna wa Silanga, si wewe ni wa Jumatatu?' Nikasema Jumatatu gani? Akafungua akasoma, Mama Thuo akiwa hapa mgongoni. Ati nina mawazo ya kutia watu sumu kwa chakula. Sumu! Mimi!"

"Ukasema nini?"

"Nikasema si mimi. Hata miaka waliandika thelathini na nane, na mimi niko thelathini na moja. Unajua karani alisema nini? Akasema wanawake wote hupunguza." Alicheka kidogo, akapangusa macho kwa leso. "Sista mwenyewe hayuko mpaka Jumatatu, na shule inafunguliwa Jumatatu hiyo hiyo. Mama Thuo akaniangalia vile mtu anaangalia nyoka kwa kitanda cha mtoto. Ati, 'Pole, Joan, lakini hawa ni watoto wa watu.'"

Ungesema ningefungua mdomo. Ungefungua wewe. Mimi nilisimama pale na mwiko mkononi.

"Nani ananichukia hivi?" Joan akauliza. "Nani aliketi akaniandikisha wazimu? Nimemkosea nani?"

"Hujamkosea mtu," nikasema. Hilo tu ndilo la kweli nililoweza.

"Jumatatu tutaenda pamoja, useme unanijua. Wewe wanakuamini. Ukisema neno, linasimama."

Akanishika mkono. Wangu ulikuwa baridi, akausugua kwa mikono yake miwili, akidhani ni huruma.

*

Jioni hiyo nilipiga magoti, sala haikutoka. Nilibaki nimeinama nikisikiliza kikohozi cha Joan upande wa pili wa bati.

Nikafikiri: mwenzangu ameubeba ugonjwa wangu siku moja tu, na hana hata ugonjwa wenyewe. Mimi mwenye nao nimeukimbia miezi miwili.

Vya Jumatatu iliyopita nilikuwa sijavitupa bado; nikameza kidonge. Cha kwanza. Hakikuwa na ladha ya aibu. Kilikuwa na ladha ya chaki.

Ijumaa nilionja mara moja tu, kwenye sufuria. Wazo lilinirarua asubuhi nzima. Kila mtu aliyekunywa nilimwona amekufa. Hakufa hata mmoja.

Jumamosi sikuonja kabisa.

Nilikoroga, nikachota, nikampa wa kwanza. Jasho lilinitiririka mgongoni. Wa pili. Wa tatu. Sista alisema likae, nikaliacha likae. Kufikia saa mbili unusu nilikuwa nimewapa watu kumi na wawili, na hofu ilikuwa imeanza, kidogo tu, kushuka kama maziwa yanayoondolewa motoni. Hakuna aliyegundua kwamba sikuonja. Nilikuwa sijasikia hewa ikiingia kifuani hivyo tangu Nyongesa.

Nikaamua: Jumatatu nitaenda na Joan kwa Sista, nitasema yote, chumbani, mlango ukiwa umefungwa.

Laiti ningepewa siku hizo mbili tu!

"Hodi hapa!"

Alikuwa Mama Thuo mwenyewe, na sweta yake ya rangi ya maziwa, akiinua sketi asiguse matope. Na kando yake, akitabasamu kwa macho yaliyovimba, alikuwa Joan.

"Huyu ndiye Mama Timothy?" Mama Thuo akauliza.

"Ndiye," Joan akasema. "Nilikuambia. Uliza mtu yeyote hapa."

"Mama, nimesikia mambo yako. Ati hutoi kikombe bila kuonja. Nimekuja kukuona. Shule ni keshokutwa na sina mpishi."

Sikuelewa. Joan akanielewesha, akinong'ona karibu na sikio langu: "Kazi imeshanipita, dada. Kama si yangu, heri iwe yako. Utamleta Timothy. Kuna chumba chenye simiti."

Wateja wakaanza kushangilia. Murunga, kikombe mkononi, akapaaza sauti: "Chukua, mama! Lakini sisi utatuachia nani? Mama Thuo, unatuibia mama yetu!"

"Nitawaletea uji wa 56," Mama Thuo akamjibu.

"Ule wa maji? Afadhali njaa!"

Watu wakaangua kicheko. Joan naye akacheka. Alinichekea kwa furaha, mikono kiunoni, akinipa alichonyang'anywa kwa sababu yangu.

"Utaenda tu kupimwa pale zahanati," Mama Thuo akasema, "na hiyo maneno iishe."

Nikaweka kikombe cha kuchotea chini.

"Mama Thuo, ile faili si ya Joan. Ni yangu."

Joan akanikumbatia kwa nguvu.

"Mnaona?" akawaambia watu. "Mnaona moyo wa huyu mtu? Anataka kujitwika aibu yangu ndio nirudishiwe kazi! Mama Thuo, usimsikilize. Ananihurumia."

"Hata mimi ningetaka jirani kama huyu," Mama Thuo akasema. "Ndio maana namtaka kwa jikoni yangu."

"Ni yangu," nikarudia. "Joan, ni yangu, kweli."

"Wacha, dada. Mungu ameona."

Msomaji, nilikuwa nimeogopa miaka minne kwamba nikisema, watu wataamini. Sikuwahi kuwaza kwamba nitasema na wakatae.

Njia ilikuwa wazi kabisa. Ningenyamaza. Chumba, simiti, Timothy. Na Joan mwenyewe angenibebea mizigo mpaka Kawangware.

Nikaingia ndani nikatoka na kadi yangu ya zahanati, ile ndogo ya kuandikiwa siku za kurudi. Nikampa Joan mkononi.

Akaisoma. Alisoma jina lake kwanza, midomo ikisogea.

"Umeitoa wapi hii?"

"Soma tarehe."

"Machi tarehe nne." Akakunja uso. "Machi kumi na nane. Aprili tarehe moja..." Sauti ikapungua. Nilimwona akihesabu Jumatatu zile moja moja. "Siku hizi zote mimi ndiye niliyekuwa nimekukalia kwa uji."

"Ndiyo."

"Ulisema unaenda kumwona mgonjwa."

"Nilikwenda. Mgonjwa ni mimi."

Akarudi nyuma hatua moja. Hakulia, hakupiga kelele. "Kumbe nilikuwa nakuuzia uji," akasema polepole, "ndio upate nafasi ya kwenda kuniandikisha."

"Joan, niliona haya. Jina langu lilikataa kutoka. Sista anasema ni ugonjwa tu, sijawahi kumdhuru mtu, nikasema wewe hutawahi kufika kule..."

"Kwa hivyo yale maneno," Mama Thuo akanikatiza, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "yale ya sumu kwa chakula. Hayo ni yako wewe."

Alisema sumu. Alilisema katikati ya wateja wangu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto uwanjani.

Nyundo za mafundi upande wa pili wa njia zikasimama. Mtu akatema mate. Mwingine akageuza kikombe chake, uji ukamwagika taratibu kwenye matope, huku akiniangalia.

Joan alikuwa ameishika kadi kwa mikono miwili. Neno lake moja lingewatuliza. Hakulisema.

Murunga akasogea. Alikuwa amekunywa nusu. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na uso wa mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na hakioni.

"Mama Timothy," akasema. "Leo hukuonja."

Nikapangusa mikono kwenye leso.

"Kila siku unaonja. Leo hukuonja hata kimoja. Nilidhani umesahau."

Akaninyooshea kikombe chake mbele ya watu wote.

"Onja."

Nikiisikia sauti ya Sista ikisema usiilishe kengele, nikaona mkono wangu umeshainuka kukipokea.